Alama za Majaribio na Kiti cha Rubani wa Akiba: Mwongozo Kamili kwa Anayelenga Jeshi la Anga la Marekani

"Mjomba, nimepata 64. Nimefeli?"

Swali hili nimeulizwa kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na mara moja katikati ya harusi. Nami hujibu kwa swali: 64 ya nini? Karatasi ya matokeo ya mtihani wa maafisa wa Jeshi la Anga la Marekani ina alama kadhaa, kila moja na kazi yake, na pembeni yake kuna alama nyingine inayotoka kwenye jaribio tofauti kabisa. Kijana anaweza kuwa na 64 inayomtosha na 64 nyingine inayomwangusha, zote za wiki moja.

Ninawaandikia vijana wetu walioko Marekani, waliozaliwa huko au waliohamia wakapata uraia, wanaotaka kurusha ndege katika jeshi la akiba: siku nyingi za mwezi wako kwenye kazi zao za uraiani, siku nyingine wako ndani ya ndege ya mizigo ya C-17 au ndege ya kujaza mafuta angani.

Kabla ya kufungua kitabu

Rubani wa jeshi hilo ni afisa, na afisa lazima awe raia wa Marekani mwenye shahada ya kwanza. Mwenye grini kadi anaweza kujiunga kama askari wa kawaida na kuomba uraia kupitia utumishi wake, lakini kamisheni, yaani cheo cha uafisa, haipati mpaka uraia utoke. Mkenya anaruhusiwa na Katiba ya 2010 kubaki na uraia wa kwao. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine huupoteza wa Tanzania, kwa hiyo yazungumze na wazee mapema, wasije wakayasikia kwa jirani. Kwenye ukaguzi wa usalama utaulizwa habari za uraia wa pili na ndugu walioko nje. Andika ukweli wote, hata wa shangazi uliyemsahau Tabora.

Umri nao una ukomo, na hesabu yake huanzia siku ya kuanza mafunzo, siyo siku ya kutuma maombi. Safari nzima inaweza kula zaidi ya mwaka. Aliye karibu na ukomo aanze na simu kwa afisa uandikishaji, vitabu baadaye.

Halafu afya. Kabla hujamlipa mwalimu wa urubani hata dola moja, nenda kwa daktari wa anga anayetambuliwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, akupime macho, hasa uwezo wa kutofautisha rangi. Kuna watu wametumia akiba yao yote kwenye saa za kuruka ndipo wakagundua hawatofautishi kijani na nyekundu. Kwetu watu wa Afrika Mashariki kuna na habari ya sikoseli, ambayo jeshi huipima. Kubeba chembe yake bila kuugua kunaweza kukuletea vipimo na maswali ya ziada, hivyo ijue hali yako mapema.

Akiba inavyochagua

Katika jeshi la kudumu, bodi huchagua kundi la watakaosomea urubani, na ndege utakayorusha hujulikana baadaye, kwa matokeo yako ya mafunzo na mahitaji ya jeshi. Katika akiba, kikosi chenyewe ndicho kinachoajiri. Ukitaka kuruka na wale wanaoingia ndani ya vimbunga vya bahari kupima upepo, unakwenda kuwaomba wao wenyewe, skwadroni ya 53 iliyoko Keesler, Mississippi. Nao ni watu wa akiba. Ndege unaijua, mji unaujua, na wenzako unawajua kabla hujasaini. Walinzi wa Taifa wa Anga, ambao wako chini ya majimbo, wana utaratibu unaofanana na huo.

Kikosi kinachokuajiri kitaishi nawe miaka mingi. Jopo lake linamtafuta mtu wa kukaa naye saa tisa ndani ya ndege, na tena mwezi ujao, na mwaka ujao. Ndiyo maana alama zinafanya kazi ya chekeche. Chekeche halikwambii punje ipi ni tamu. Linapunguza rundo ili mikono ya watu iweze kuchambua kilichobaki. Ukishapita, alama 88 na alama 93 huwa karibu sawa, na mazungumzo yanahamia kwako wewe.

Ipo njia ya pili: kuomba bila kikosi kinachokudhamini, faili lako likaamuliwa na bodi ya makao makuu ya akiba, ambayo yako Robins, Georgia. Hapo hakuna aliyewahi kunywa kahawa nawe wala kukuona ukifagia hanga. Karatasi ndiyo inayokusemea, na uzito wa alama unapanda. Basi 64 ile ile inaweza kusameheka kwa kikosi kinachokufahamu na kuzama kwa bodi isiyokufahamu.

Alama zenyewe

Mtihani wa kwanza unaitwa AFOQT. Una sehemu 12 zinazochanganywa kutoa alama za makundi: Rubani, kundi la maafisa wa mifumo ya ndege, kundi la wasimamizi wa mapambano ya anga, Taaluma, Lugha na Hesabu. Wa pili ni TBAS, unaofanywa kwenye kompyuta kwa kijiti cha kuongozea na pedali. Matokeo ya TBAS, alama yako ya Rubani kutoka AFOQT, na saa ulizoruka huunganishwa kuwa namba moja: PCSM.

Viwango vya chini vya kumruhusu mtu kuomba urubani ni Rubani 25, Lugha 15, Hesabu 10 na PCSM 10. Ukivitazama utasema mbona rahisi. Hivyo ni kizingiti cha mlango tu. Ndani kuna foleni, na waliosimama mbele yako hawakuja na 25.

Sasa, 64 yetu. Kwa mazoea ya shule za kwetu, 64 ni alama kati ya mia: umekosa 36. Hapa siyo hivyo. Alama za AFOQT na PCSM huanzia 1 hadi 99 na ni pasentaili, yaani zinaonyesha umesimama wapi kwenye mstari wa wenzako. 64 inasema umewazidi takriban 64 katika kila watu 100 wa kundi la kulinganishia. Maswali uliyopata yanaweza kuwa machache au mengi, karatasi haikwambii.

Hili lina faida ambayo wengi hawaioni. Watu wamejazana katikati ya mstari, na pembeni wako wachache. Aliye kwenye 45 akiongeza majibu sahihi machache tu huwaruka watu wengi na alama yake hupaa. Aliye kwenye 90 huongeza kwa jasho kila hatua. Kwa hiyo wiki sita za mazoezi zina thamani kubwa kwa wa katikati, na aliye juu angefanya vyema kuzipeleka kwenye kuruka au kutembelea vikosi.

Je, namba hizi zina maana yoyote? Zina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasaikolojia wa jeshi hilo wakiongozwa na John C. Flanagan waliwapanga wanagenzi katika daraja 1 hadi 9, kisha wakapeleka zaidi ya vijana elfu moja mafunzoni bila kujali daraja zao. Wa daraja za chini walianguka kwa wingi, wa juu wakafaulu kwa wingi. Jopo linapotazama PCSM yako linajiuliza swali hilo hilo: huyu tukimpeleka shule ya urubani, atarudi na mabawa au atarudi na maelezo? Maana akianguka, kikosi kimepoteza nafasi na muda, na kiti kimebaki kitupu.

Hatua ya kwanza: AFOQT

Anza hapa, kwa sababu bila alama ya Rubani PCSM haikokotolewi.

Alama ya Rubani hutoka kwenye sehemu nne tu kati ya zile 12: Maarifa ya Hisabati, Kusoma Majedwali, Kuelewa Vipimo vya Ndege, na Habari za Usafiri wa Anga. Ukiwa na miezi miwili, usigawe muda sawasawa kama mama anayegawa ubwabwa. Nenda kwenye hizo nne.

Maarifa ya Hisabati ni maswali 25 kwa dakika 22, aljebra na jiometri ya sekondari, bila kikokotoo. Sehemu hii inahesabiwa zaidi ya mara moja, kwenye Rubani na hata kwenye Hesabu, kwa hiyo kila saa unayoiwekea inalipa pande zote mbili. Aliyesoma hisabati kwetu kwa ubao na chaki, akazoea kukokotoa kwa mkono, ana faida kidogo. Asiisahau.

Kusoma Majedwali ni maswali 40 kwa dakika 7, yaani sekunde kumi na kidogo kwa kila moja. Unapewa jozi ya namba, unafuata safu na mstari hadi zinapokutana. Hakuna akili kubwa hapo; kuna macho na mkono. Chapisha majedwali, weka saa ya simu, fanya kila siku dakika saba. Wiki ya tatu utajishangaa.

Kuelewa Vipimo ndiko wengi hupotea. Maswali 25, dakika 5. Unaona vipimo viwili vya dashibodi, dira na kipimo cha upeo wa macho, kisha unachagua picha ya ndege inayolingana nazo. Kinachochanganya ni kwamba ndege ikiinamia kulia, mstari wa upeo kwenye kipimo huonekana umepanda upande wa kulia na kushuka kushoto, kwa sababu wewe ndiye uliyeinama, dunia imetulia. Inamisha kichwa chako kulia sasa hivi utazame ukingo wa meza, utaona. Alama ya ndege ikiwa juu ya mstari, unapanda. Ikiwa chini yake, unashuka. Fanya utaratibu uwe mmoja: kwanza dira, ufute picha zinazoelekea kwingine, kisha mwinamo, mwisho kupanda au kushuka. Mara nyingi dira na mwinamo vinatosha.

Habari za Usafiri wa Anga ni maswali 20 kwa dakika 8: sehemu za ndege, nguvu nne zinazofanya kazi juu yake, taa za uwanja, maana ya kuzidisha pembe ya bawa mpaka hewa ishindwe kulibeba. FAA hutoa kitabu chake cha maarifa ya rubani bure mtandaoni. Kisome, hata kama hutaki kulipia kozi.

Kuhusu Lugha: Maarifa ya Maneno ni maswali 25 kwa dakika 5. Aliyejifunza Kiingereza ukubwani ataiona sekunde 12 kuwa fupi. Kiwango cha chini ni 15, na alama hii haiingii kwenye PCSM, hivyo usiipe miezi. Lakini bodi inaiona. Soma kila siku vitu vizito kidogo, magazeti na insha, na andika maneno mapya. Orodha za kukariri peke yake huchosha bila faida.

Jambo la mwisho la mtihani huu: jibu baya halipunguzi alama. Sekunde ishirini za mwisho wa kila sehemu jaza yote yaliyobaki, hata kwa kubahatisha. Swali lililoachwa wazi umelitupa bure.

Hatua ya pili: TBAS

Hapa mikono ndiyo inayoulizwa. Utafuatilia shabaha kwa kijiti, utafuatilia nyingine kwa pedali, kisha zote mbili kwa pamoja, huku ukisikiliza herufi na namba kwenye vipokea sauti na kubonyeza kitufe zinapotajwa ulizoagizwa. Itafika sehemu ya dharura: unaendelea kufuatilia huku ukitakiwa kuingiza majibu ya hitilafu. Wengi hutoka wakidhani wameharibu kabisa. Jaribio limetengenezwa likuzidi. Usiache kufuatilia shabaha kwa sababu ulikosea kitufe kimoja.

Ipo pia sehemu ya mwelekeo. Unaonyeshwa ndege isiyo na rubani inaelekea wapi kwenye ramani, na pembeni kuna picha ya kamera yake: jengo lenye viwanja vinne vya kuegesha magari. Unaambiwa uguse kiwanja cha kaskazini, au cha magharibi. Kumbuka kwamba juu ya picha ni kule ndege inakoelekea. Ikielekea mashariki, juu ni mashariki, basi kaskazini iko kushoto. Ikielekea kusini, kaskazini iko chini. Fanya mazoezi kwa kadi ulizochora mwenyewe hadi jibu litoke bila kufikiri, kwani kasi nayo inapimwa.

Nunua au azima kijiti na pedali, ucheze programu ya kuigiza urukaji wiki kadhaa. Pedali hasa, miguu ya mtu ambaye hajawahi kuruka haijui hata kwamba ina kazi. Nafasi za kurudia TBAS ni chache na zina muda wa kusubiri, kwa hiyo usiende kuonja. Alama ya TBAS yenyewe huonyeshwi. Utaona PCSM peke yake.

Hatua ya tatu: saa za kuruka

Saa za ndege huongeza PCSM kwa ngazi. Zamani ngazi hizo zilipanda hadi zaidi ya saa 200, jambo lililowapa nafasi waliozaliwa kwenye pesa. Baadaye zilipunguzwa sana, zikaishia kwenye saa sitini hivi. Leseni ya rubani binafsi Marekani inahitaji angalau saa 40 kwa utaratibu wa kawaida, au 35 kwenye shule zilizoidhinishwa maalumu, na wanafunzi wengi huvuka hapo. Maana yake, ukipata leseni tayari umekaribia kilele cha ngazi.

Leseni inafanya na kazi ya pili: inaliambia jopo kwamba pesa yako mwenyewe umeitia angani, na kwamba tumbo lako linahimili. Vikosi vingine huitaja waziwazi kwenye tangazo.

Pesa ikiwa finyu, ruka saa chache kabla ya TBAS ili mikono na miguu izoee, halafu ongeza taratibu. Saa mpya unaweza kuziwasilisha baadaye na PCSM ikakokotolewa upya. Weka logibuku, daftari la saa zako za kuruka, likiwa safi, kila safari ina tarehe na saini. Jopo likikuta hesabu isiyojumlika, halitakuuliza kuhusu ndege tena. Litakuuliza kuhusu ukweli.

Kusoma matokeo na kuamua

Tovuti ya PCSM hukuonyesha alama yako ya sasa pamoja na jedwali la itakavyokuwa ukifikisha ngazi nyingine za saa. Jedwali hilo ndilo mshauri wako mkuu, na halina ada. Ukiona saa ishirini zaidi zinakupandisha sana, pesa iende huko. Ukiona zinakusogeza pointi mbili, tatizo liko kwenye alama ya Rubani au mikononi.

Kurudia AFOQT kunaruhusiwa baada ya miezi kadhaa, na kwa utaratibu wa miaka ya karibuni huhesabiwa alama bora ya kila kundi hata kama zimetoka kwenye mitihani tofauti. Zamani mtu alirudia akipanda kwenye Rubani na kushuka kwenye Hesabu, akabaki na ile mpya yote. Kanuni hizi hubadilishwa, hivyo thibitisha na afisa wa mitihani wa kituo chako kabla ya kujisajili.

Ushauri wangu: mwenye Rubani chini ya 50 arudie kabla ya kutuma popote. Aliye kati ya 50 na 80 atume kwa vikosi huku akijiandaa kurudia. Aliye juu ya hapo aache vitabu, apande gari atembelee vikosi. Hii ni hukumu yangu mimi, siyo kanuni ya jeshi.

Faili na usaili

Kila kikosi hutoa tangazo lake. Kwa kawaida hutaka wasifu, barua ya maombi, matokeo ya chuo, karatasi za AFOQT na PCSM, nakala za leseni na logibuku, na barua za watu wanaokufahamu. Barua moja ya fundi au mwalimu wa urubani aliyekuona ukifanya kazi inazidi tatu za waheshimiwa wasiokujua.

Omba ruhusa ya kutembelea kikosi wikendi ya mazoezi. Nenda zaidi ya mara moja. Hapa malezi yetu yanaweza kukusaidia na kukuponza. Heshima kwa wakubwa, kusalimu kila mtu kuanzia mlinzi wa geti, kusaidia kubeba viti: hayo yanaonekana. Lakini kukaa kimya ukisubiri mkubwa akuulize, kama tulivyofundishwa, huko husomwa kama mtu asiye na hamu. Uliza maswali. Zungumza na mafundi, maana rubani huwauliza wao jioni, "yule kijana mmemwonaje?"

Kwenye usaili, ukiulizwa habari ya alama ya chini, usijitetee kwa kelele za chumba cha mtihani. Sema ilikuwa ngapi, ulifanya nini, sasa ni ngapi. Kupanda kutoka 41 hadi 70 ni hadithi nzuri kuliko 75 isiyo na hadithi.

Anayefikiria helikopta

Akiba ya jeshi la nchi kavu hutumia mtihani mwingine, SIFT, wenye alama 20 hadi 80, na ya kufaulu ni 40. Marubani wake wengi ni maafisa waranti, cheo kilicho kati ya askari wa kawaida na afisa mwenye kamisheni, na njia hiyo haidai shahada. Ina mtego mmoja: ukishafaulu hurudii tena maisha yako yote, na ukianguka una nafasi moja tu iliyobaki. Aliyepata 41 kwa haraka atatembea na 41 hiyo kila bodi. Yote niliyosema juu ya kwenda umejiandaa, hapa yazidishe mara mbili.

Ukichaguliwa

Uteuzi wa kikosi hufuatwa na uchunguzi wa afya wa marubani huko Wright-Patterson, Ohio, ukaguzi wa usalama, mafunzo ya maafisa Maxwell, Alabama, halafu shule ya urubani kwenye kituo kama Columbus, Laughlin au Vance, ambako utaanza na ndege ya mafunzo ya T-6. Huko PCSM yako haiulizwi tena. Unapimwa kwa safari ya leo asubuhi. Mkataba wa miaka kumi huanza kuhesabiwa siku unapohitimu shule hiyo, siyo siku ulipoapa. Mwenye mchumba amwonyeshe tarehe hiyo kabla ya kutia saini.